Fila geji umempa?

Mama, simu yako ya jana imeninyima usingizi. Sio hiyo safari ya Seronera, huko nenda, ni kazi, baridi ya asubuhi lile koti litatosha. Kilichonikaba ni ulivyosema huku unacheka kwamba yule kijana wa VETA uliyepewa umfundishe unamwachia oili na filta tu, tapeti, ile kupima nafasi za valvu, unazifanya mwenyewe jioni akishaondoka. Mimi sikucheka, muulize mama yako.

Najua unaogopa nini. Akishajua, bosi atapiga hesabu ya mishahara. Sio woga wa kijinga, maana hiyo spana hukuipata bure, waliokuambia ukauze nyanya sokoni nawajua kwa sura, na leo madereva wakifika getini wanauliza yule dada yupo? Nikisikia hivyo natembea kifua mbele mpaka dukani. Lakini fila geji, vile vibati vya kuzipimia, umpe.

Kuna bwana nilifanya naye kazi mtaa wa Unga Limited, wewe ulikuwa hujazaliwa. Kila nikitaka kuseti taimingi ya pampu ya dizeli namtuma maandazi, asione. Miaka miwili, sidhani kama kuna mtu Arusha alibeba maandazi mengi kama yeye. Malaria ikanilaza, gari ya wageni inatakiwa alfajiri, akafunga pampu kwa kubahatisha, gari ikarudi inavutwa, ilikuwa inatoa moshi mweupe tupu. Akafukuzwa. Mimi niliporudi wakanipokea kama mfalme na sikufungua mdomo. Basi, hiyo tuiache.

Yule niliyemfundisha, anayenipigia kila Jumapili, ni mwingine, alikuja baadaye. Siku moja tuko kwenye 1HZ, ile injini ya dizeli ya Land Cruiser, imelala imepoa kabisa, nikampa fila geji mkononi nikamwambia valvu ya kuingiza hewa weka milimita 0.20, ya eksozi 0.40, kibati kipite kwa kusitasita kidogo kama unavuta karatasi iliyobanwa chini ya kitabu. Akapima ya kwanza, akapima ya pili, akaniuliza mzee kwa nini ya eksozi nafasi yake ni kubwa? Nikajifanya natafuta tambara. Miaka 19 naifanya hiyo kazi, sijawahi kujiuliza! Usiku nimelala naangalia bati ndo ikanijia, eksozi inapitisha moshi wa moto muda wote, chuma chake kinarefuka zaidi, ukiibana baridi basi ikipata moto haifungi vizuri, inaungua. Kesho yake nikamweleza kama mtu aliyezaliwa anajua. Ila tangu hapo nilianza kuuliza kila nati niliyokuwa nafunga kwa mazoea, na nakuambia ufundi wangu wa kweli ulianzia kwenye lile swali, sio kwenye ile miaka 19.

Leo ndo yeye ananirushia sauti ya injini WhatsApp, mzee sikiliza hii inagonga wapi. Na ile kompyuta ya kusoma makosa ya gari kanifundisha yeye, taratibu, mara tatu tatu, uvumilivu ambao mimi kwake sikuwa nao. Namba za kwenye fila geji siku hizi sizioni, akija Moshi ananisomea.

Sasa niambie, wewe uko Seronera, tapeti za Arusha anapima nani? Watakupigia usiku na mchana. Krismasi hukupanda nyumbani ukasema bila wewe gari hazitoki, mama yako akakaa na ile sahani amekufunikia mpaka usiku. Nani aliyefanya zisitoke bila wewe? Sikulaumu, umeyatoa kwangu. Umempa au hujampa?

Hapa tupo. Ng'ombe kazaa dume, maziwa tunagawana na ndama. Gata la upande wa jikoni limeanguka na mvua hii, maji yote yanaingia kwenye migomba, na mdogo wako yupo tu anaangalia simu. Nimemwambia Jumamosi apande na mimi kulifunga, nitamshikia ngazi, misumari apige yeye hata akiipinda. Mama yako anauliza sufuria lake kubwa ulilochukua Pasaka, kuna kipaimara tarehe 20 na la kuazima hataki. Litume na basi kabla hujaondoka, mfuniko usisahau.