Kuhusu yale matone uliyoniuliza

Mpendwa Rehema,

Kwanza, hongera. Najua wengi wamekujia na pole tupu, kana kwamba hukujifungua mtoto. Hongera kwa binti, hata kama sasa hivi anaonekana mikono na macho tu. Pole baadaye, kwa ile milio ya mashine. Mimi nimetoka wodini miaka sita iliyopita, na saa ya mtu ikilia "ti-ti-ti" bado moyo unanipasuka.

Sasa hayo matone ya probiotiki. Unasema mama wa kitanda cha pili amekwambia yanamnenepesha mtoto njiti, na umeshayanunua, yako kwenye mkoba. Nakuomba yabaki humo humo mpaka daktari aione hiyo chupa. Usimwekee kwenye mrija wa maziwa kimyakimya. Nasema hivi kwa sababu mimi nilishafungua kifuniko. Muuguzi akaingia, nikaisukuma chupa chini ya mto kama mtoto wa shule aliyekutwa na peremende. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akaniuliza, "Mama, unajua mle ndani kuna nini?" Sikujua.

Mle ndani kuna bakteria hai, Rehema. Wazuri, lakini hai. Mtoto aliyetimiza miezi yake huwapata wa kwanza anapopita njia ya uzazi, kisha kwenye ngozi ya mama na kwenye maziwa. Mwaka 1899 huko Paris, mtafiti Henri Tissier aliwakuta baadhi yao kwenye choo cha mtoto anayenyonya. Ndio hawa tunaowaita bifidobakteria. Njiti wetu safari yake ni nyingine. Pengine ametolewa kwa upasuaji, akapigwa antibayotiki siku ya kwanza, akalazwa kwenye inkubeta. Wanaompokea tumboni ni bakteria wa wodini, na hao si wenyeji wema. Ndipo watu wakawaza: kwa nini tusimpelekee wale wazuri sisi wenyewe?

Lakini shabaha yao haikuwa unene. Walikuwa wanaukimbia ule ugonjwa ambao utumbo wa njiti unavimba, unaoza, na unaweza kutoboka. Huo ndio unaowafanya wauguzi wapime tumbo na kukodolea macho rangi ya kinachorudi kwenye mrija. Katika jaribio moja la Australia na New Zealand, lililochapishwa 2013 na lililohusu watoto 1,099, walioupata ni asilimia 2 kati ya waliopewa bakteria, na asilimia 4.4 kati ya wasiopewa. Si haba. Ila Uingereza walijaribu aina nyingine ya bakteria kwa watoto zaidi ya 1,300 wasione faida yoyote. Tena, karibu nusu ya watoto ambao hawakupewa kitu walikutwa na bakteria hao hao kwenye choo. Walivukaje kutoka kitanda hadi kitanda? Mikononi, bila shaka. Hilo lilinifanya ninawe mpaka ngozi ikababuka.

Na uzito? Hapa ndipo rafiki yako wa kitanda cha pili amekupotosha, ingawa kwa nia njema. Majaribio yamefanywa mengi, na kwenye mizani matokeo hayaelewani: hapa mtoto ameongeza kidogo, pale hakuna tofauti. Baadhi ya watoto huwahi kidogo kufikia kunywa maziwa kamili bila dripu, na pengine uvumi ulianzia hapo. Aliyekwambia yananenepesha amekuuzia ndoto.

Kuna na upande wa pili. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya njiti wa chini ya gramu 1,000 kufariki. Bakteria wa kwenye matone aliyopewa, tena akiwa hospitalini, walikuwa wameingia kwenye damu. Jambo hilo ni nadra, lakini mtoto wa namna hiyo ukuta wa utumbo wake ni kama karatasi iliyolowa. Na bidhaa nyingi za aina hii huuzwa kama virutubisho, hazikaguliwi kama dawa. Kilichoandikwa kwenye lebo si lazima ndicho kilichomo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, halijayakataa: linasema yanaweza kufikiriwa kwa wanaokunywa maziwa ya binadamu na waliozaliwa kabla ya wiki 32. Yanaweza kufikiriwa, basi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani chenyewe hakiungi mkono kumpa kila njiti. Ndiyo maana nakwambia uamuzi uwe wa wodi. Wao ndio wanaojua bakteria gani, kiasi gani, na siku gani mtoto asiguswe nayo kabisa.

Unataka gramu? Kamua. Najua umechoka kulisikia neno hilo. Dang'a yako, hata ikiwa mililita moja iliyoganda kwenye ncha ya bomba la sindano, ipeleke. Maziwa yako yana aina ya sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuisaga. Ipo kwa ajili ya wale bakteria wazuri, kuwalisha. Akishazoea, uliza kama anahitaji kirutubisho cha kuongezwa kwenye maziwa, maana njiti anadai protini na madini kuliko tunavyoweza kumpa. Na wakikuruhusu kumweka kifuani ngozi kwa ngozi, kaa naye masaa, si dakika.

Kuhusu mizani, usijiue. Siku za mwanzo karibu wote hupungua, na wengi huurudia uzito wa kuzaliwa baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Baada ya hapo wanatafuta gramu 15 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku. Wangu alikuwa na gramu 1,180, kwa hiyo tulikuwa tunasubiri kama gramu 20: maji ya vijiko vinne vya chai. Nepi iliyolowa inazidi hapo! Asubuhi moja nililia kwa kuwa amepungua gramu 30, kumbe jana yake alipimwa na nepi. Muuguzi akapima tena, tukacheka. Angalia wiki nzima, na uulize pia mzingo wa kichwa na urefu. Uzito peke yake unaweza kuwa maji.

Kesho ukimwonyesha daktari hiyo chupa, muulize pia kama wodi yao ina utaratibu wa kutoa bakteria hawa, na kwa watoto wa wiki ngapi. Kisha niandikie alichosema, na gramu za asubuhi. Bila nepi.

Wako,
Mama Tumaini