Watafiti warudi watuambie walichokikuta

Mhariri,

Mwaka jana vijana wawili wa utafiti walifika mtaani kwetu, hapa Muheza, na vishikwambi vyao. Binti yangu wa miaka 15 walimhoji chini ya mwembe: analala saa ngapi, ana huzuni, ana mtu wa kumwambia siri? Mimi wakaniuliza kama najua kujichunguza matiti. Nikasema najua. Nilidanganya kwa aibu. Wakatuachia miche miwili ya sabuni, wakaenda zao, na majibu hatujayaona mpaka leo.

Nauliza kwa sababu shoga yangu alikaa na uvimbe karibu mwaka mzima. Ulikuwa kama punje ya hindi, hauumi, naye akasema kisichouma si ugonjwa. Kumbe uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi mwanzoni! Alipofikishwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ngozi ya titi ilishakuwa kama ganda la chungwa.

Watafiti hao waje watuambie hata siku ya kliniki ya watoto, akina mama tunajaa benchi zote. Binti naye bado ananiuliza siri zake zimekwenda wapi.

Mama wa watoto watatu,
Muheza, Tanga