Kwa nini tunakulipisha kukata miti yako mwenyewe

"Mulikata mikaratusi yangu, mukaacha nusu, na sasa munaniomba feza? Wachoma makala wangekata bure!" Maneno haya sisi, timu ya kukata na kupunguza miti, tunayasikia kila msimu, na wiki hii yamesemwa tena na mteja aliyejiona ameibiwa. Ana haki ya kupewa maelezo kamili, na ninyi wengine wenye mashamba ya miti Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, hapa Kivu Kaskazini, pia.

Tuanze na hiyo bure. Mchoma makala (makaa ya kupikia) anatafuta gogo nene na lililonyooka, kwa sababu linajaza tanuru upesi na halimchoshi. Kwa hiyo anaondoka na miti yako bora. Anakuachia iliyopinda, yenye panda na ile iliyofunikwa na wenzake ikakosa mwanga. Hiyo haitakupa planshi (mbao za kupasua) hata ukiisubiri miaka kumi. Halafu anakata kwa panga, kimo cha goti, shina linabaki limechanika na ganda limebanduka. Mara nyingi tanuru analijenga hapohapo katikati ya msitu, udongo unaungua pamoja na mizizi ya miti iliyobaki.

Kuna shamba moja njia ya Sake lililokatwa hivyo. Miaka miwili baadaye kila shina lilikuwa na machipukizi nane hadi kumi na mawili, membamba, yakigombania maji yaleyale. Yaliyoota juu ya shina refu hayashiki vizuri, upepo ukija yanachomoka na ganda lake. Mwenye shamba hakuuza hata stiki (mti mwembamba wa kujengea) moja. Ilibidi alipe mashina yote yakatwe upya karibu na ardhi, kisha aanze kusubiri tena. Malipo hayo yalizidi devi, yaani hesabu ya bei, aliyoikataa mwanzoni.

Sisi hatuwashi tronsoneze (msumeno wa mota) kabla ya kutia alama. Hekta iliyopandwa kwa mita 2.5 kila upande ina miti 1,600, na kwa mwenye kutaka planshi hiyo ni mingi mno baada ya miaka minne au mitano. Tunapita mstari kwa mstari: kwanza iliyokufa na yenye ugonjwa, halafu yenye panda, iliyopinda na iliyofunikwa. Mwisho tunaangalia nafasi. Kila mti wa kutoka unapakwa rangi mara mbili, kifuani na chini kabisa penye kisiki. Ile ya chini ni kwa ajili yako mteja: kazi ikiisha, zunguka uhesabu visiki. Ukikuta kisiki kisicho na rangi, hicho tumekosa na hatukidai.

Wengi wanataka tupunguze nusu kwa siku moja ili walipe mara moja. Penye mteremko na upepo tunakataa, tunaondoa mti mmoja kwa kila mitatu, mingine baada ya miaka miwili. Pima mwenyewe: chukua urefu wa mti ugawanye kwa unene wake, vyote kwa sentimita. Mti wa mita 15 wenye unene wa sentimita 12 unatoa 125. Ukizidi 100, mti huo umesimama kwa kuegemea wenzake, na ukifungua msitu ghafla utavunjika. Chini ya 80 una nguvu zake. Mistari ya ukingoni, upande unaotoka upepo, hatuigusi mapema.

Kwa stiki na makala, faida yote iko kwenye kisiki. Kinakatwa kwa msumeno, sentimita 10 hadi 12 kutoka ardhini, kimeinama kidogo ili maji ya mvua yatiririke, ganda likiwa limeshika pande zote. Machipukizi yakifika mita 3 au 4 tunabakiza mawili, yakifika 7 au 8 tunabakiza moja. Tunachagua lililo upande unaotoka upepo, maana upepo unalisukuma kwenye kisiki badala ya kuling'oa. Ukipunguza mapema mno kisiki kinachipua upya na umelipa bure. Mbuzi nao wafungwe mpaka machipukizi yapite midomo yao. Majani na vitawi usichome. Tunavipanga kwa mistari inayokatiza mteremko, kwa sababu juu ya lava udongo ni mwembamba na chakula kingi cha mti kimo kwenye majani.

Sasa bei. Mteja anauliza kwa nini watu wanne, wakati kijana mmoja mwenye tronsoneze anakubali peke yake. Mti unapoanguka, mtu yeyote asiye mkataji awe mbali mara mbili ya urefu wake. Lakini mlio wa tronsoneze unaita akina mama na watoto wanaotafuta kuni, kwa hiyo mmoja wetu kazi yake ni kulinda tu. Mkataji anafungua mdomo, yaani mkato wa kabari, wa robo ya unene upande mti unapoelekea, anakata nyuma juu kidogo ya mdomo, anaacha katikati bawaba, yaani ukanda usiokatwa unaoongoza mti, wa sehemu moja ya kumi ya unene. Njia ya kukimbilia, kinyumenyume kwa mshazari, imefyekwa kabla. Mti ukinasa juu ya mwingine, hapiti mtu chini yake, na ule ulioushikilia haukatwi. Unazungushwa kwa wenzo au unavutwa kwa kamba. Kwenye mteremko hakuna anayefanya kazi chini ya mwenzake, gogo linaviringika. Upepo ukizidi tunazima, hata kama siku inapotea. Pande za Sake na Kibumba, palipopiganwa, tunaulizia kwanza kwa chifu. Tukiona chuma tusichokijua ardhini, kazi inasimama.

Boti, kofia ngumu, mnyororo unaonolewa kila unapojazwa mafuta, mililita 20 za oili kwa kila lita ya esansi (petroli): vyote vimo ndani ya devi. Kijana yule hana hata kimoja, na akiumia msituni kwako, familia yake itabisha mlangoni kwako.

Kwa sasa tunapokea maombi ya kutia alama kabla ya mvua za Septemba. Njoo na karatasi ya shamba, na siku ya alama uwepo pamoja na jirani anayeujua mpaka. Avansi (malipo ya kwanza) ya kukata tunaipokea baada ya wewe kuhesabu miti yenye rangi na kukubali.