Tusiwafungie ndani watoto wetu wa ughaibuni kwa kuogopa theluji

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wasomaji wenzangu, hasa mabibi na mababu ambao wajukuu wao wanakulia katika nchi za baridi. Mwezi wa pili mwaka huu nilimvisha binti yangu wa miaka miwili na nusu skii, yaani zile mbao nyembamba za kutelezea kwenye theluji, na baba yake akatuma video fupi nyumbani Tanga. Hatukuwa hata tumefika kwetu, simu zikaanza. Mama yangu, kwa sauti ya mtu aliyeshtuka kweli, aliniuliza mtoto amekosa nini hata nikamtoa nje katika baridi ile, shangazi akasema kichomi hakina mchezo, na mjomba, ambaye si mtu wa maneno mengi, akasema tu, "Mrudisheni mtoto ndani." Nawaheshimu wote, na najua wamesema kwa mapenzi. Hata hivyo naamini hofu yao imeelekezwa pasipo pake, na kwa kuwa nimekutana hapa Oslo na wazazi wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo ambao huwafungia watoto ndani majira yote ya baridi kwa sababu ya simu kama hizo, nimeona si vyema ninyamaze.

Nianze na kichomi, maana ndicho kinachotajwa kila mara. Kichomi, au nimonia, huletwa na vijidudu, bakteria na virusi, wala si hewa ya baridi yenyewe. Mtoto huambukizwa na mtu mwingine, na maambukizi hupita kwa urahisi zaidi ndani ya nyumba, mahali watu wamebanana na madirisha yamefungwa. Hapa Norwei watoto wa chekechea hutolewa nje kila siku wakiwa wamevikwa sawasawa, na watoto wachanga hulazwa usingizi wa mchana nje kwenye vigari vyao, wamefunikwa mablanketi. Nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza nilisimama pale kwa muda, nikidhani mtoto wa watu amesahauliwa.

Hilo halina maana kwamba baridi haina madhara. Mwili wa mtoto mdogo hupoteza joto upesi kuliko wa mtu mzima, na ngozi ya mashavu, pua na vidole inaweza kuganda, hasa penye upepo. Lakini madhara hayo yana kinga, na kinga yenyewe ni nguo na muda. Hapo ndipo nilipokosea mimi, na naungama jambo ambalo mama yangu atalijua kwa kusoma barua hii.

Wiki mbili kabla ya ile video nilikuwa nimeshampeleka mtoto mara moja. Siku ile nilimvisha fulana ya pamba, sweta mbili na koti zito, nikiamini kwamba wingi wa nguo ndio joto. Akahangaika na zile skii, akatoka jasho, pamba ikalinywa jasho lote, na tuliposimama kidogo likapoa mgongoni pake. Nilikuwa nimepanga tukae saa moja na nusu kwa kuwa tulikuwa tumetoka mbali, kwa hiyo alipoanza kuvua glavu nilimvisha tena, akavua tena, nami nikamkaripia. Nilipokuja kumshika mikono ilikuwa baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Alilia mpaka ndani ya treni, na sikuwa na la kumwambia, kwa sababu mtoto alikuwa amenieleza tatizo lake kwa njia pekee aliyoijua, nami sikumsikiliza.

Mara ya pili nilimuuliza mwalimu wake wa chekechea, mama mtu mzima ambaye amewavisha watoto wa watu kwa miaka mingi. Aliniambia ya ngozini iwe ya sufu, kwa sababu sufu hupasha hata ikiwa na unyevu. Juu yake nguo nyingine ya joto. Na ya nje kabisa iwe ovaroli isiyopitisha upepo wala maji. Glavu ziwe zile zinazoweka vidole vinne pamoja, maana vidole hupashana joto, na pea ya pili kavu isikose mfukoni mwa mzazi. Kisha akanifundisha kipimo ambacho sasa nakitumia kila siku: ingiza vidole vyako kwenye kisogo cha mtoto chini ya kola. Pakiwa pakavu na pana joto, yuko sawa. Pakiwa na jasho, mpunguzie nguo. Pakiwa baridi, rudini nyumbani. Mashavu nayo yatazamwe mara kwa mara, na doa jeupe likitokea lifunikwe kwa kiganja chenye joto, wala lisisuguliwe.

Skii zenyewe sikuzinunua. Hapa kuna vituo vinavyoitwa BUA ambavyo huazimisha vifaa vya michezo bila malipo, na huko nilipata skii fupi za plastiki zinazofungwa kwa mikanda juu ya buti za kawaida za mtoto. Fimbo za mkononi sikuzichukua, kwa sababu mtoto wa umri ule hujifunza kusimama wima vizuri zaidi mikono ikiwa mitupu. Tukachagua uwanja tambarare, si mteremko, siku ya nyuzi nne chini ya sifuri isiyo na upepo.

Kwa dakika tano za mwanzo hakusogea. Alizitazama zile skii, akainua mguu mmoja juu kabisa kama jogoo anayepita kwenye matope, skii ikaangukia juu ya mwenzake, naye akakaa kitako polepole. Akachota theluji kwa glavu akaionja. Nilimwacha. Aliposimama tena aliinua mguu uleule, safari hii haukuinuka vizuri, ukaburuzika, na kwa kuburuzika ukateleza mbele kwa kiasi cha shubiri moja. Akanigeukia, macho yamemtoka. Akaburuza wa pili. Kwa namna hiyo akaenda mwendo wa kama hatua kumi hadi kwenye mti wa karibu, mimi nikimfuata nyuma bila kumshika, akaukumbatia ule mti na kucheka. Hicho kicheko ndicho kilichomo kwenye video, na inanisikitisha kwamba huko nyumbani watu waliiona theluji wasimsikie mtoto.

Tulikaa dakika ishirini, nikamvua skii angali anazitaka. Hilo nalisisitiza kuliko yote kwa mzazi anayekusudia kufanya kama mimi: siku ya kwanza ikatishwe mapema, mtoto aondoke na hamu, kwa sababu kumbukumbu ya mwisho ndiyo atakayorudi nayo. Usiku ule alinyoosha miguu kitandani akasema, "Tena."

Naongelea skii za uwanjani, ambazo huwa ni kama kutembea kwa kuteleza. Zile za kushuka milimani kwa kasi ni habari nyingine: shule nyingi za mchezo huo hupokea watoto kuanzia miaka mitatu au minne, mtoto lazima avae helmeti, na mzazi asithubutu kushuka na mtoto mgongoni, maana akianguka yeye wameanguka wote. Vilevile, mtoto anayevutwa kwenye sleji hupoa upesi kuliko anayetembea, kwa kuwa amekaa tu, hivyo anahitaji kukaguliwa kila mara. Na jua la mwezi wa tatu lisidharauliwe: theluji safi huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza, ikapiga macho na ngozi kutokea chini, na ngozi nyeusi nayo huungua.

Wapo watakaosema miaka miwili na nusu ni mapema mno. Ingekuwa mapema kama ningekuwa nafundisha mashindano. Norwei ndiyo nchi yenye medali nyingi kuliko zote katika historia ya Olimpiki ya majira ya baridi, lakini kanuni za michezo ya watoto zilizopitishwa na shirikisho lake la michezo mwaka 2007 ziliweka kwamba mtoto asishindane hata katika klabu yake kabla ya mwaka anaotimiza miaka 6, na orodha za matokeo zisitolewe kabla ya mwaka anaotimiza 11. Watu hawa huwaachia watoto mchezo uwe mchezo kwa miaka mingi, na ndivyo nilivyotaka kwa wangu.

Wala mambo haya si mageni kwetu kama tunavyodhani. Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji mtu mzima alipopelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii na kuiona theluji kwa mara ya kwanza. Mwaka 1998, katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, akamaliza wa mwisho katika mbio za skii za kilomita 10, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akamngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Miaka ishirini baadaye, katika Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini, Kenya iliwakilishwa kwenye skii za milimani na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyehamia Austria akiwa na miaka mitatu. Yeye alikulia kwenye theluji, na ile milima ilikuwa kwao.

Binti yangu si lazima awe mwanamichezo. Ninachokitaka ni kwamba siku ya skii ikifika chekechea, asiwe yeye anayebaki ndani na mwalimu akipaka rangi picha, huku wenzake wote wakiwa nje. Nimewaona watoto wetu wakibaki hivyo, wamesimama dirishani.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wetu mlioko nyumbani: mkitupigia simu, msituulize kwa nini mtoto yuko nje. Tuulizeni fulana yake ni ya sufu au ya pamba, glavu za akiba ziko wapi, na mmekaa dakika ngapi. Nawe Mhariri, ungetusaidia sana kama ungempa daktari wa watoto nafasi katika ukurasa wako wa afya aeleze kichomi huletwa na nini, kwa sababu mama yangu huamini gazeti kuliko anavyoniamini mimi. Jumamosi ijayo, hali ya hewa ikiruhusu, tutarudi kwenye ule mti.

Mzazi,
Oslo, Norwei