Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ada, Mahudhurio na Suala la Safari ya Makaratasi

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa ambao hawako upande wowote, habari za mchana.

Katika mwaka tulioumaliza chama kilifanya yale kinayofanya kila mwaka. Tulizika watu wawili hapa Maryland na kusafirisha mwili mmoja nyumbani. Tuliwashika mkono wafiwa watano, maharusi watatu na mtoto mmoja aliyelazwa. Futari ilifana, sherehe ya watoto ya Desemba ilifana, na darasa la Kiswahili la Jumamosi liliendelea mpaka mwalimu alipohamia Texas. Mengine mnayajua, mlikuwepo, au mliona picha kwenye kundi.

Fedha: tulianza na dola 3,412, tukaingiza dola 6,905 (ada, michango ya misiba na mauzo ya chapati vyote humo), tukatumia dola 8,770, zimebaki dola 1,547. Mchanganuo anao Mweka Hazina. Naomba maswali ya risiti aulizwe yeye.

Ada. Daftari lina majina 71. Waliolipa dola 120 kamili ni 26, waliolipa nusu ni wanne, na mmoja alitoa dola 20 akasema atarudi. Kundi la WhatsApp, kwa upande mwingine, lina watu 134, wote wenye maoni. Sitataja mtu. Ila ikitokea simu ya msiba saa nane za usiku, hakuna anayeniuliza kama chama kina fedha; ninaulizwa kinatoa kiasi gani.

Mahudhurio ndiyo aibu yetu. Mikutano ilikuwa sita, miwili haikutimiza akidi. Ule wa Februari tulikaa watu saba, na wawili kati yao walikuwa wamefuata sufuria zao. Ajenda ya siku ile, kama mihtasari inavyoonyesha, ilikuwa ni safari ya Washington na kabati la nyaraka, yale yaliyokuja kuchukua fedha ya pikiniki. Kamati ililipitisha suala hilo. Kwa hiyo ninaposikia kwamba "Mwenyekiti aliamua peke yake," nashindwa kuelewa wale wasemaji siku ile walikuwa wapi. Mimi nilikuwepo, na theluji ilikuwa inanyesha.

Sasa nije kwenye suala lenyewe, maana najua ndilo lililowaleta wengi leo.

Mwezi Mei fungu la pikiniki ya Julai, dola 1,300, lilibadilishwa matumizi. Dola 680 zilikodi basi la kwenda Washington, kwenye Makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi. Dola 570 zilinunua kabati la chuma na masanduku 40 maalumu ya kuhifadhia nyaraka, yale ya karatasi isiyo na tindikali. Dola 50 ni maji na sambusa. Pikiniki haikufanyika. Nimeitwa majina. Mzee mmoja ninayemheshimu alisema mbele za watu kwamba nimeiuza mbuzi ya chama nikanunua maboksi. Vijana wengine walidai nawaingiza katika siasa za Mashariki ya Kati. Safari haikuwa ya kuunga mkono serikali yoyote wala kuipinga. Ilikuwa safari ya makaratasi, na chanzo chake ni msiba wetu wenyewe.

Wote mnamkumbuka marehemu wakili wetu, aliyekaa miaka kumi na moja ya zamu za usiku katika kile kibanda cha maegesho. Kule Mwanza alikuwa na ofisi, na watu walipanga foleni asubuhi mlangoni kwake. Huku shahada yake ilikuwa pambo la ukutani. Nilikuwa nikimpelekea chai, kama saa sita za usiku hivi, na yeye ndiye aliyenisimulia habari za Robert Kempner, mwanasheria Mjerumani aliyekimbilia Marekani. Sikulitoa jina hili hewani.

Kempner alizaliwa 1899 huko Freiburg, akakulia Berlin. Mama yake, Lydia Rabinowitsch, alikuwa Myahudi mzaliwa wa Kaunas, Lithuania, mtaalamu wa bakteria aliyefanya kazi kwa Robert Koch, na mwaka 1912 akawa mwanamke wa kwanza mjini Berlin kupewa cheo cha profesa. Mtoto alipewa jina la huyo Koch, ambaye alikuwa baba yake wa ubatizo. Ndiye Koch yule aliyefika Dar es Salaam na Amani, kisha visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria kutafuta tiba ya malale, akatumia dawa ya atoxyl iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa. Marehemu alipenda sana kipande hicho. Alisema, ukifungua jalada la mtu yeyote, vumilia. Ukurasa wa nne utajikuta umo.

Kempner akawa mwanasheria wa serikali ya Prussia upande wa polisi, na tangu 1930 alikuwa akishauri chama cha Hitler kipigwe marufuku. Hakusikilizwa. Mwaka 1933 walipoingia madarakani walimfukuza kazi, 1935 wakamkamata, akaachiwa. Alikwenda Italia, akafundisha katika shule ya bweni ya watoto wa Kiyahudi mjini Florence, kisha Ufaransa, na 1939, mwaka vita ilipoanza, akatua Marekani. Umri miaka arobaini kasoro kidogo, sheria anayoijua ni ya Kijerumani, na hapa haimfai kitu. Mama yake alikuwa amewahi kufundisha katika chuo cha udaktari cha wanawake Philadelphia zamani, na huko huko ndiko mwana alikopata kibarua cha utafiti chuoni. Wangapi humu ukumbini hawajui kipande hicho cha maisha?

Tofauti ni kwamba historia ilimrudia. Mwaka 1945 alipelekwa Nuremberg, Ujerumani, kuwa miongoni mwa waendesha mashtaka wa Marekani dhidi ya wakuu wa serikali ya Hitler. Watu wake, wakipekua majalada ya wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani mwaka 1947, waliona muhtasari wa kikao cha Wannsee, mjini Berlin, cha tarehe 20 Januari 1942, watu kumi na tano mezani wakipanga mauaji ya Wayahudi wa Ulaya kama wanavyopanga ratiba ya reli. Zilichapwa nakala 30. Iliyosalia ni moja, nakala namba 16. Ninaomba mliofikiria kwamba mihtasari ya mikutano ni mapambo mlitafakari hilo. (Nitarudi kwenye mihtasari yetu, msijali.)

Lakini sikuwapeleka Washington kumsifu. Niliwapeleka kwa sababu ya kosa lake. Alipomaliza kazi Nuremberg aliruhusiwa kuchukua nyaraka kwa ajili ya utafiti na uandishi, akazisafirisha hadi nyumbani kwake Lansdowne, Pennsylvania. Kati yake zilikuwemo karatasi zaidi ya 400 za mwandiko wa Alfred Rosenberg, waziri wa Hitler wa maeneo ya mashariki yaliyotekwa, Kaunas ya mama yake ikiwemo. Shajara ya kuanzia 1936 hadi 1944. Rosenberg alinyongwa Oktoba 1946. Shajara yake ikakaa katika nyumba ya wakili, pamoja na barua za familia, majalada ya wateja na bili za umeme. Baadaye Kempner alifungua ofisi Frankfurt, akawatetea waliodai fidia, akawa na nyumba mabara mawili na makaratasi mabara mawili. Watafiti walisubiri. Yeye alitoa vipande alipotaka.

Alifariki Agosti 1993. Warithi walikubali mwaka 1997 kwamba nyaraka ziende makumbusho hayo hayo ya Washington. Watu wa makumbusho walipofika nyumbani kule walikuta vyumba vimejaa karatasi zilizotapakaa, na nyingine zimekwishaondoka. Baadhi zilionekana kwa mtu aliyekodiwa kusafisha nyumba, mpaka FBI wakaingia kati. Shajara ilipatikana 2013, mikononi mwa mtu asiyekuwa ndugu wala mrithi. Miaka ishirini, jamani. Na huyo ni mwanasheria, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwaambia wengine "weka kwa maandishi."

Marehemu wetu aliijua hadithi hiyo yote. Aliisimulia akicheka. Naye pia hakuandika kitu.

Alipofariki, mwenye nyumba aliwapa wafiwa hadi mwisho wa mwezi. Watoto wamezaliwa huku, Kiswahili wanakisikia bila kukisoma. Wataujuaje uzito wa jalada la shauri la ardhi la 1988? Nilifika Jumamosi asubuhi nikakuta pipa kubwa la taka nyuma ya jengo limejaa. Niliona majalada ya rangi ya kahawia yamefungwa kwa ule utepe mwekundu wa mahakama, yamelowa. Niliona barua za ile karatasi ya buluu inayojikunja yenyewe kuwa bahasha, mwandiko wa mama yake, wino umetoka ukawa kama mchirizi wa machozi. Niliingia ndani ya pipa. Ndiyo, Mwenyekiti wenu, na suti ya matanga. Nilitoa masanduku mawili. Katika moja kulikuwa na vyeti halisi vya watu vya kuzaliwa na hati za nyumba, mali za wateja waliomwamini mtu wao. Baadhi labda wangali hai, wanahangaika na kesi hadi leo.

Siwalaumu watoto. Hakuna aliyewaambia. Ila basi tusifanye kama hatukuona.

Sasa hoja zenu, moja moja. Mmesema waliokwenda ni 14 wakati basi lina viti 32. Kweli. Mlitangaziwa mara tisa. Mmesema makumbusho ni bure, ya nini dola 680? Bure ni kuingia, basi si bure. Mmesema, na hili lilinichoma kidogo, kwamba tulikwenda mpaka Washington kumbe nyaraka za Kempner zinatunzwa Bowie, hapa hapa Maryland, dakika chache kutoka dukani tunakonunua mihogo, na kwamba shajara yenyewe imewekwa mtandaoni mtu anaisoma sebuleni. Hilo nilikuwa nalijua. Bowie ni kituo cha utafiti cha makumbusho hayo. Unaomba nafasi, unakwenda mmoja mmoja na swali lako, hupeleki basi lenye sambusa. Na Washington tuliona vitu visivyosomeka kwenye simu. Waulizeni waliokwenda habari za chumba cha viatu vilivyotoka Majdanek, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Mama mmoja wetu alitoka pale akakaa kwenye benchi muda mrefu, kisha akaniambia tu, "Mwenyekiti, harufu ya ngozi bado ipo." Sijamsikia yeye akidai nyama choma.

Mmesema kabati limewekwa chumba cha chini ya kanisa na chini kuna unyevu. Nimenunua mashine ya kukausha hewa, dola 179, kwa fedha yangu mwenyewe. Risiti ninayo na sijaidai. Mmesema fomu ya kuweka nyaraka kabatini ni ndefu. Fomu ina ukurasa mmoja: nani mwenye karatasi, zipi ni za familia, zipi ni za kazi na zina siri za watu wengine, nani akabidhiwe, na sahihi ya watoto wote waliotimiza miaka 18. Kipengele hicho cha watoto wote nilikiweka mimi na sitakiondoa. Kwa Kempner makubaliano ya warithi yalikuwepo. Nyumba ndiyo haikuwa na mwangalizi.

Kuhusu mihtasari ya chama ya miaka 2016 hadi 2019. Ni kweli ilikuwa kwangu. Ni kweli nilihama. Masanduku yalipakiwa katika gari la mtu aliyejitolea, na wakati wa kushusha halikuonekana moja. Nimetafuta. Ndugu aliyeuliza kwenye kundi, "Je, Kempner ndiye kachukua?" amechekesha watu, nampongeza. Lakini jambo hilo linaunga mkono kabati, halilipingi.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda, pikiniki itarudi, kwa kadiri ada zitakavyoruhusu. Tunatarajia kupata mwalimu mwingine wa Kiswahili. Kuna mazungumzo ya awali ya kupata mtu wa kutufundisha kupanga na kuskani nyaraka. Mazungumzo yanaendelea vizuri. Zile hati za wateja wa Mwanza tunaangalia namna ya kuwafikia wenyewe, na mwenye jamaa katika mahakama za kule aonane nami baada ya chai. Upo pia uwezekano wa kurekodi wazee wakisimulia, vifaa vikipatikana.

Mweka Hazina amekaa meza ya karibu na birika. Ada inapokelewa leo hadi saa kumi na moja jioni.

Kabati lina funguo mbili, mmoja ninao mimi na wa pili anao yeye. Masanduku yaliyomo mpaka leo ni matatu: mawili ya marehemu, na moja langu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti