Kadi imejikunja afu muhuri unachafua vidole? Ngoja tukueleze kinachotokea

Wiki iliyopita kaja dada mmoja hapa karakana kwetu Dar, tunapotengeneza kadi za mkono, na boksi la viatu, ndani kuna kadi 60 za sendoff ya mdogo wake, kazitengeneza mwenyewe usiku tatu mfululizo, rangi, stensili (ile plastiki iliyokatwa mchoro wa kupitishia rangi), mihuri, yani kila kitu kwa mkono, akazimwaga mezani zote zimepinda kama papa wa kuanikwa. "Jamani mnaweza kuzinyoosha?" Nikashika moja nikaikunjua taratibu, kidole gumba kikatoka na bluu.

Hili tunalipata karibu kila mwezi na masika ndo balaa zaidi, kwahiyo tumeona tuliandike mara moja tuwe tunawatumia wateja kwenye wasap badala ya kurekodi voisi za dakika saba.

Tuanze na kupinda. Yule dada alitumia karatasi ya fotokopi, ile ya gramu 80. Hiyo gramu inayoandikwa kwenye rimu ni uzito wa karatasi ukiipima mita moja ya mraba, sasa shiti moja ya A4 ya gramu 80 yenyewe ina gramu 5 tu, hapo unaipaka rangi, gundi, afu rangi tena, wewe unategemea nini? Karatasi ni nyuzi nyuzi, zikilowa zinatanuka, na zinatanuka zaidi kwa upana kuliko kwa urefu wake, afu rangi ya akriliki, ile ya maji inayokauka ikawa kama plastiki, ikikauka inajivuta na inaivuta karatasi kuelekea upande uliopakwa. Ndo maana kadi inajikunja kama inajikumbatia. Sisi kadi za rangi nyingi hatushuki chini ya gramu 300, shiti yake ya A4 inafika karibu gramu 19, ukiishika tu mkono unajua. Manila ya kawaida ya steshenari inafaa kama rangi ni kidogo tu, ya kugusagusa.

Na kabla hujakunja kadi katikati, ipinde kidogo bila kuivunja, kwanza huku afu na huku. Kuna upande unakubali kirahisi na kuna upande unabisha. Kunja kule inakokubali, la sivyo mgongo wa kadi unapasuka nyufa nyufa nyeupe na hakuna rangi itaziba ikapendeza.

Kama imeshapinda usiipige pasi!! Akriliki ni plastiki, ikipata moto inalainika inashika pasi. Chukua sponji yenye unyevu, unyevu tu sio maji, pangusa upande wa nyuma usio na rangi, laza kadi kwenye karatasi safi, juu yake weka karatasi ya kuokea keki, kadi nyingine, karatasi nyingine, hivo hivo mpaka ziishe, afu ubao juu na kiroba cha mchele kilo 10 mpaka kesho yake. Hiyo karatasi ya kuokea usiiruke maana akriliki hata ukiiona imekauka ukizibana mbili uso kwa uso zinagandana, tulishapoteza oda nzima ya ubatizo hivo hivo na tulilia kweli.

Sasa wino, hapa ndo watu wengi hawaelewi. Wino wa pedi ya ofisini, ule wa kugongea risiti, umetengenezwa usikauke ndani ya pedi, unakauka kwa kunywewa na karatasi. Ukiugonga kwenye karatasi tupu karatasi inaunywa, sekunde chache umemaliza. Lakini ukishapaka akriliki hamna tena karatasi pale juu, kuna ngozi ya plastiki, wino unakaa juu kama maji kwenye jani la mgomba. Utasubiri leo, kesho, siku ya sherehe, mgeni akishika kadi anaondoka na maua yako kwenye gauni. Na ukisema basi nigonge kwanza afu nipake rangi baadae, wino huohuo ukikutana na maji ya rangi unatapakaa.

Tunachofanya sisi ni kuacha pedi pembeni na kuupaka muhuri rangi ya akriliki yenyewe kwa sponji, nyembamba sana, unagonga mara moja unaondoa, afu muhuri unatupwa kwenye maji hapo hapo kabla haijakauka kwenye michoro midogo. Au kama unataka ile mistari myembamba safi ya wino, gonga kwenye kipande cha karatasi tupu, kikate, ukibandike juu ya rangi kwa gundi nyeupe ya maseremala. Ndo uzuri wa kazi ya kuchanganya vitu, kosa likitokea unalifunika na kitu kingine. (Tukisema mihuri ni hii ya raba ya kugonga. Kuna mzee alituelewa vingine akaleta stempu za posta za zamani, nzuri mno, tukazitumia kwenye kolaji, yani picha za kubandika vipande vipande, kwahiyo hata hizo karibuni.)

Mihuri yetu mingi tunachonga wenyewe kwenye raba za kufutia penseli. Herufi lazima uzichonge kinyume, mimi siku ya kwanza nilichonga KARIBU nikajiona fundi, kugonga ikatoka UBIRAK na R inaangalia ukutani.

Stensili nayo malalamiko ni yale yale, "rangi imeingia chini". Dada angu, brashi imelowa! Tumia sponji, chovya kidogo, gongagonga kwanza kwenye gazeti mpaka uone kama rangi imekwisha, hapo ndo uende kwenye kadi, na uende wima juu chini juu chini, sio kupaka kwa kusugua. Bora upite mara tatu nyembamba kuliko mara moja nzito. Ukitumia draya iwe mbali kama shubiri moja, ukiikaribisha sana rangi inatoa malengelenge.

Wengi wanauliza stensili zetu tunanunua wapi. Ni filamu za X-ray za zamani. Ukiiloweka kwenye jiki (vaa glavu, fungua madirisha, usichanganye jiki na kitu kingine zaidi ya maji) ule weusi unalainika unatoka, inabaki plastiki angavu, ngumu, haijikunji ikilowa rangi, unachora unakata kwa wembe na ukiiosha inatumika tena na tena. Na jina la mgonjwa linaondoka pamoja na mbavu zake.

Dizaini inayoombwa sana kwetu imekaa kikanga kanga. Pindo kuzunguka kwa stensili, mji katikati tunagonga korosho moja kubwa, na chini kwenye jina, yani pale penye msemo wa kanga, tunaweka maneno ya bi harusi mwenyewe kwa herufi za raba. Kila anayeiona anaisoma bila kuelekezwa.

Zile kadi 60, tulizikandamiza usiku mbili, 52 zikanyooka, nane zilikuwa zimelowa mno karatasi imechanika tukazirudia bure. Sehemu ya muhuri tulifunika na kibandiko kidogo cha karatasi tupu kilichogongwa upya, na kusema ukweli zilipendeza kuliko mwanzo, tatizo zilichukua siku nne na yeye alibakiwa na tano.

Kwahiyo oda ya kadi za mkono tunaomba wiki tatu kabla, masika ongeza moja maana kila rangi inabidi ikauke kwanza ndo inafuata nyingine na hewa ya Dar mwezi wa nne haikaushi kitu. Anayetaka kujifunza tunakaa Jumamosi asubuhi, karatasi na rangi viko hapa, njoo na nguo usiyoionea huruma. Na kama kuna X-ray za zamani nyumbani tunazipokea, ila muulize kwanza mwenye mbavu kama daktari hazihitaji tena.