Barua ya wazi kwa mdogo wangu wa Kayenze

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mayu, mama yetu, hajambo, ingawa magoti yanamsumbua tangu mvua zianze, na wanao wawili wanaosoma huku kwangu wanaendelea vizuri. Yule mdogo amekwisha kuniambia mara mbili kwamba dagaa tunaonunua mjini hawana ladha kama wale anaoanika mama yake.

Ninakuandikia kwa wazi, mahali ambapo yeyote anaweza kusoma, na ninajua kwamba jambo hili halitakupendeza, kwa kuwa wewe ni mtu wa maneno machache. Lakini kosa nililokukosea nililitenda mbele ya watu, nikiwa nimevaa joho, nimesimama mahali ambapo hakuna aliyeweza kunijibu. Yale maneno mawili matatu niliyokwambia pembeni, uani kwa Mayu, hayakulingana na uzito wake. Mtu akimwaibisha nduguye kanisani, haifai amwombe radhi jikoni. Jina lako silitaji. Wanaokufahamu watajua, na wengine hawana haja nalo.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane, mwaka 2017. Ulikuwa umetoka moja kwa moja mwaloni, pale ufukweni mnaposhusha dagaa baada ya kuvua usiku kucha, ukapanda daladala ya alfajiri kutoka Kayenze, ukanawa uso kwenye bomba la nje ya kanisa, ukaketi benchi la nyuma karibu na dirisha. Katikati ya mahubiri ukasinzia. Nami, badala ya kumwona mtu aliyekesha kazini na bado akaja, nilimwona mdogo wa mchungaji akilala mbele ya washirika. Nikakatiza nilichokuwa nikifundisha, nikasema kwamba wapo watu ambao usiku kucha wana nguvu za kutafuta fedha, lakini asubuhi hawana hata saa moja ya kumpa Mungu. Watu wakageuka. Mama mmoja akakugusa bega. Ulisimama, ukachukua kofia yako, ukatoka taratibu, ukaurudisha mlango bila kuugonga.

Tangu siku hiyo hujaniita kaka. Unaniita Mchungaji. Watu wengi huniita hivyo kila siku na sijali, lakini ukiniita wewe kwenye simu, neno hilo hukaa nami mpaka usiku.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, kuna habari ya kijana Eutiko, ambayo nilikuwa nimeihubiri mara kadhaa kabla ya siku ile bila kuielewa. Paulo aliendelea kufundisha hadi usiku wa manane, na kijana huyo, aliyekuwa ameketi dirishani, akalemewa na usingizi, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Paulo alikatiza mafundisho, akashuka, akamkumbatia. Halikuandikwa neno lolote la kumkemea. Wewe nawe ulikuwa umeketi karibu na dirisha, na mimi sikushuka madhabahuni kukufuata, bali nilimaliza mahubiri yangu, nikatangaza sadaka.

Nimejiuliza ule ukali ulitoka wapi, na ninadhani sehemu yake ilitoka mbali. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria ikiwa inakaribia Mwanza na kuua watu zaidi ya 800, shangazi yetu alikuwamo. Wewe ulikuwa bado mdogo, huenda hukumbuki jinsi Baba alivyorudi nyumbani akiwa na viatu mkononi, akakaa kizingitini, akasema kwamba hakuna mtoto wake atakayekula kwa mkono wa ziwa lile. Kila tunapopita Igoma, kwenye makaburi ya wale waliozikwa kwa pamoja, bado ninaisikia sauti yake. Mimi nilimtii, nikaenda chuo cha biblia. Wewe ulikwenda ziwani, na kwa miaka mingi nilihesabu kwamba mimi ndiye mwana mtiifu na wewe ndiye uliyepotea, kana kwamba hofu ya Baba ilikuwa amri ya kumi na moja. Sisemi haya kujitetea. Ninataka ujue kwamba kila nilipokuonya, nilikuwa pia ninaogopa.

Ndiyo sababu kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, nilikupigia simu usiku uleule. Ulipokea, ukasema, "Mimi nipo salama, Mchungaji. Waombee wale." Ukakata. Nilikaa na simu mkononi kwa muda mrefu.

Mwaka jana nilipowazika vijana wawili wa mwalo wa jirani ambao dhoruba iliwakuta usiku, nilitambua kaburini kwamba ninaomboleza na watu ambao kazi yao sijawahi kuiona. Nilimwomba shemeji akuulize kama ungekubali nitoke nanyi usiku mmoja. Ukakubali, kupitia kwake.

Tulisukuma mtumbwi jua likizama, ninyi wanne na mimi. Kulikuwa na jaketi moja tu la kuokolea. Ulilichukua kutoka chini ya ubao wa nahodha, ukanivisha kama anavyovishwa mtoto, ukakaza kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukaijaribu kila moja kwa kidole. Kisha ukasema, "Kaa katikati, Mchungaji." Hayo ndiyo maneno marefu uliyonipa hadi usiku wa manane.

Niliona jinsi mlivyoziweka taa juu ya maboya yenu ya mbao na kuziachia majini, nikakumbuka karabai za zamani zilizonuka mafuta ya taa, ambazo tulikuwa tukizitazama kutoka kilimani tukidhani ni mji mwingine. Wadudu wa ziwani wakajaa kwenye mwanga kama moshi, wakaingia mdomoni, masikioni, ndani ya jaketi. Mlisubiri kwa muda wa karibu saa mbili bila kugusa wavu. Nilitaka kuuliza tunangoja nini, ukanyoosha kidole, nikaona maji chini ya taa yakianza kumeremeta, dagaa wakizunguka kama fedha iliyomwagwa. Ndipo mkauzungusha wavu, mkavuta kwa mikono, pamoja, bila hata mmoja kutoa hesabu. Mikono yako, mdogo wangu, ina mistari ya kamba katikati ya viganja ambayo nilikuwa nimeishika mara nyingi mlangoni pa kanisa bila kuiona.

Saa nane za usiku uligeuza uso, ukanusa upepo, ukaamuru tuhame. Baadaye nahodha alinieleza kwa nini ziwa letu huwa kali usiku kuliko mchana: nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo ukatoka kila upande wa ufuko kuelekea katikati, ukakutana na kupanda juu, ndipo mawingu ya radi yanapojengeka. Wewe hukunieleza lolote. Ulitutoa tu pale, na nusu saa baadaye tuliona umeme ukipiga mahali tulipokuwa. Nimehubiri kuhusu kukesha mara nyingi sana. Sijawahi kukesha namna ile.

Asubuhi nilidhani kazi imekwisha, kumbe ilikuwa inabadilisha mikono. Gharama ya mafuta ikatolewa kwenye mauzo, tajiri mwenye mtumbwi akachukua nusu, nusu yenu mkagawana. Shemeji na wenzake wakaanza kuanika, na nikaelewa kwa nini amekuwa akipigania vichanja, zile meza za kuanikia, miaka yote hii: dagaa waliokaushwa mchangani huishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, na wale wa kichanjani ndio wanaouzika kwa ajili ya watu. Mpaka saa nne walikuwa bado wanageuzwa, wingu dogo likitokea upande wa kisiwa cha Bezi kila mtu anaangalia juu. Saa nne ndiyo saa tunayoanza ibada ya pili. Miaka yote nimekuwa nikiuliza kwenye baraza la wazee kwa nini akina mama wa mwaloni hawaji.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nisiahirishe tena barua hii. Niliwahi kukuita Mkristo wa Pasaka. Hukulisikia, nililisema nyumbani kwangu, lakini nililisema. Nilikuwa nimegundua kwamba mwaka baada ya mwaka, hata baada ya ile Jumapili, ulikuwa unakuja siku ya Pasaka, umevaa shati lililopigwa pasi, na kwamba Jumapili nyingine nyingi hukuonekana. Nililichukua kuwa ni dharau. Nilipotoka ziwani ndipo nilipouliza, nikaambiwa jambo ambalo kila mtoto wa mwaloni analijua: mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kukusanyika kwenye taa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Na Pasaka, kama tulivyofundishwa chuoni nami nikasahau, ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Kila Pasaka inaangukia siku za mbalamwezi. Ulikuwa unakuja kila ulipoweza kuja ukiwa umelala, na mimi niliuona uaminifu huo nikauita uvivu.

Nililipeleka jambo hili kwa wazee wa kanisa. Mmoja, ambaye ninamheshimu sana, alisema kwamba kanisa haliwezi kufuata mwezi kama wapagani. Nilimjibu kwamba tumekuwa tukiufuata kila mwaka tangu tubatizwe. Mazungumzo yalichukua vikao vitatu na sitakuchosha nayo. Tumekubaliana kwamba kila mwezi, katika juma la mbalamwezi, kutakuwa na ibada ya jioni pale mwaloni, chini ya ule mkuyu karibu na vichanja, pamoja na Meza ya Bwana, na kwamba mvuvi atakayehudhuria hiyo atahesabiwa kuwa amehudhuria, wala mtu asimwulize habari za Jumapili. Nilitaka pia tuchange kwa ajili ya majaketi. Mchango umefika majaketi sita, bado tunaendelea.

Nimekuwa nikiisoma tena ile sura ya mwisho ya Yohana. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu, na asubuhi Bwana amesimama ufukweni. Kuna moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Wale watu walikuwa wamemkimbia juma la mateso, mmoja wao alimkana mara tatu, na bado neno lake kwao wote ni, "Njoni mfungue kinywa." Mazungumzo na Petro yalikuja baada ya kula. Mimi nilikupa mahubiri kabla hujanywa hata chai.

Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuaibisha mbele ya watu waliokujua tangu utoto, nikaihukumu imani yako kwa benchi moja la Jumapili, kisha nikakaa miaka mingi nikingoja wewe ndiwe uanze. Sikuombi uje kanisani. Sikuombi hata ujibu barua hii.

Kuna jambo dogo limebaki. Asubuhi ile niliondoka nikiwa bado nimevaa jaketi lako; nililigundua nikiwa juu ya bodaboda, karibu na Igombe, na badala ya kurudi nilisema nitalituma. Nililituma baada ya siku mbili. Shemeji ameniambia kwamba usiku wa kwanza na wa pili ulitoka bila hilo, na ulimkataza asinipigie simu.

Alhamisi ijayo mwezi utakuwa mpevu. Nitashuka Kayenze mchana, kabla ya ibada, na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo Mayu ameyafunga mwenyewe kwenye kitambaa chake cha kijani, na wanao wote wawili, kwa sababu shule imefungwa. Nitakuwa kwenye vichanja na shemeji. Ameahidi kunifundisha kugeuza.

Ni mimi, kaka yako.